Kiangazi Tulipohamia Ofisini

Harufu ya kiangazi kile ilikuwa ya zulia. Si zulia la kufuliwa na kuanikwa, bali lile la kijivu lililogandishwa sakafuni kwa gundi kabla sisi hatujazaliwa, likanywa soda, maziwa, jasho na mikojo ya mbwa wa wapangaji waliotutangulia, kisha joto la Garland, mji wetu wa Texas, likawa linalipika taratibu tangu asubuhi hadi jioni. Ukiingia kutoka nje, harufu hiyo ilikupokea mlangoni kabla ya mtu yeyote kukukaribisha. Mama alimwaga sabuni, akasugua, akakamua ndimu, akasugua tena. Harufu ilikubali kutoka kwa muda, kisha ikarudi na nguvu mpya. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Wazazi wangu walikimbia Fizi, mashariki ya Kongo, mimi nikazaliwa na kusomea kambini Tanzania, na kufikia mwaka ule tulikuwa tumekaa Texas muda wa kutosha kwangu kukijua Kiingereza cha shuleni, na kwa baba kuijua njia ya kwenda kwenye ghala alikopakia masanduku usiku kucha. Makazi yetu yalikuwa majengo kadhaa ya ghorofa mbili kando ya barabara kubwa. Kibao cha getini kilitangaza jina zuri lenye ziwa ndani yake. Ziwa halikuwapo. Kulikuwa na shimo kwenye maegesho ya magari lililojaa maji mvua iliponyesha, na nadhani aliyeandika kibao alipita siku ya mvua.

Shule zilipofungwa tu, mtambo wa kupoza hewa ulikufa. Ulikuwa mtambo mmoja uliohudumia jengo letu zima, dude la chuma nyuma ya mapipa ya taka, na kwa siku kadhaa ulikoroma kama mzee mwenye kifua, kisha ukanyamaza. Mtu ambaye hajakaa Texas mwezi wa sita asinihadithie joto. Sisi tulikuwa watu wa joto, tulilijua jua, tulilima ndani yake. Lakini jua la kwetu lilikukuta nje, chini ya anga, na upepo ulipita. Hili lilikukuta ndani ya sanduku la plasta lenye dirisha moja lisilofunguka zaidi ya kiganja. Baba, aliyerudi kutoka kazini alfajiri na kutakiwa alale mchana, alijaza maji bafuni akalala humo humo, kichwa chake kikiegemea taulo, na sisi watoto tulijifunza kuingia chooni kwa kunyata. Mdogo wangu Heri, ambaye hata kutembea hakujua bado, alitokwa na upele kuanzia shingoni hadi kwenye makalio, akawa analia kilio kifupi cha uchovu, kilio cha mtu asiyetarajia kusikilizwa. Mama alimlaza kwenye vigae vya jikoni juu ya kitenge kilichochovywa majini. Kitenge kilikauka upesi kuliko alivyoweza kukichovya.

Ofisi ya makazi ilikuwa pale getini, na ofisi ilikuwa na kiyoyozi chake yenyewe. Aliyeitawala ni meneja, Bi Tamara, mwanamke mwenye tabasamu lililofunguka na kufungwa kama droo. Kila mpangaji aliyekwenda kulalamika alipewa jibu moja: kipuri kimeagizwa. Mama alinipeleka nimtafsirie, nikatafsiri, tukapewa kipuri chetu tukarudi nacho nyumbani. Wiki iliyofuata tukapewa kingine. Niliamini kwa muda kwamba kipuri hicho kinakuja kwa miguu kutoka nchi ya mbali, kinapumzika kila kijiji. Wanaume wa jengo letu walikutana ngazini jioni, wakatikisa vichwa, wakasema Marekani si nyumbani, mgeni haongezi sauti, tusije tukafukuzwa. Mume wa Mama Faida, jirani yetu wa chini, ndiye aliyekuwa hodari zaidi wa kutikisa kichwa. Alikuwa na kifua kipana na sauti nzito, na sauti hiyo yote aliitumia kuwaambia wanawake wanyamaze.

Basi wakati huo huo, wakati zulia likitoka mvuke, likaja shirika la hisani kutaka kujua maoni yetu. Maoni yetu juu ya kuboresha maisha! Mtu alipita mlango kwa mlango akigawa vikaratasi vya rangi vyenye picha ya mikono ya weusi na weupe ikishikana, na chini yake maneno kwa Kiingereza, Kihispania na kitu fulani ambacho walidhani ni Kiswahili. Kikao kingefanyika katika ukumbi mdogo nyuma ya ofisi, na kungekuwa na piza. Watu walijaa. Shirika lilifurahi sana kwa mwitikio huo, na hakuna aliyewaambia kwamba watu walifuata kiyoyozi cha ukumbi ule. Wamama walikuja na watoto wote, na vikongwe, na mishono yao. Mama Faida alikuja na mama mkwe wake, Bibi Wabiwa, mwanamke mwembamba mwenye moyo mgonjwa, aliyeketishwa moja kwa moja chini ya tundu la hewa. Alifumba macho na kufungua mdomo kidogo, kama anayenyweshwa maji.

Aliyeongoza kikao aliitwa Bi Keli. Alivaa viatu vya wazi vya ngozi na kusema kila sentensi kana kwamba anaimbia watoto. Kando yake alisimama mkalimani, Bwana Kimani, Mkenya wa makamo aliyefanya kazi ofisini mjini Dallas, mzee wa kanisa, mtu wa suti hata kwenye joto lile. Alikuwa ameishi Texas miaka mingi, ana nyumba, ana gari refu, na alitutazama kama mtu aliyekuta ndugu zake wa kijijini wamemfuata kazini. Ukutani walikuwa wamebandika ubao wenye picha: benchi lililozungukwa na maua, ukuta uliochorwa twiga, kisanduku cha vitabu juu ya mti, njia ya matembezi, na kiwanja cha mbwa. Kila mmoja wetu alipewa vibandiko vya duara vya kijani abandike penye kitu atakacho. Mama Faida alisimama mbele ya ubao, akauchunguza kutoka juu hadi chini na kutoka kulia hadi kushoto.

"Na picha ya klima iko wapi?" akauliza, klima likiwa jina letu la kiyoyozi.

"Hiyo si ya leo, mama," akasema Bwana Kimani. "Hiyo ni mambo ya maintenance. Leo tunaongea kuhusu ndoto."

"Ndoto?"

"Eeh. Muote. Mkiamka kesho asubuhi, mngependa kuona nini hapa?"

Sisi ambao hatukuwa tumelala tangu shule zifungwe tuliombwa tuote. Watu wazima waliangaliana, vibandiko vyao vidoleni. Watoto wadogo, ambao hawakuwa na adabu hiyo, walivibandika kwenye vipaji vya nyuso, kwenye magoti, na vilivyobaki wakavijaza kwenye picha ya mbwa, kwa sababu mbwa yule alikuwa ametoa ulimi na alionekana ana furaha. Bi Keli akapiga makofi. Akasema anaanza kuona mwelekeo.

Hapo mama yangu akanyoosha mkono. Mama hakuwa msemaji. Kambini alikuwa akikaa nyuma kabisa kwenye mikutano, na sauti yake mbele za watu ilikuwa ndogo. Lakini alisimama, Heri yuko begani amelala usingizi wake wa kwanza wa maana kwa siku nyingi, akaeleza kwa utaratibu. Klima ilikufa. Mtoto wangu ana upele mwili mzima. Mume wangu analala ndani ya maji. Bibi Wabiwa hapumui vizuri, usiku tunamsikia. Tunaomba watengeneze klima. Ni hiyo tu, hatuombi kingine. Kisha akamtazama Bwana Kimani amalizie kazi yake.

Bwana Kimani akakohoa, akamgeukia Bi Keli, akasema kwa Kiingereza laini kwamba mama huyu anashukuru sana kwa nafasi hii, na angependa pawepo mahali pazuri pa nje pa watoto kuchezea na wazee kupunga hewa. Bi Keli akaweka mkono kifuani na kumtolea mama tabasamu lenye unyevunyevu machoni.

Tabasamu lile ndilo lililomponza mkalimani. Mama hakuwa na Kiingereza, lakini alijua kwamba mtu akiambiwa mtoto anaungua hatabasamu.

"Sifa," akaniita bila kunitazama, "huyu baba amesema nini?"

Nikamwambia neno kwa neno. Waliokuwa wanatafuna waliacha.

"Shukrani?" mama akasema. "Mimi nilitamka shukrani?" Akamgeukia Bwana Kimani, na sauti yake ndogo ikazidi kuwa ndogo. "Baba, nilikupa maneno yangu uyabebe. Umeyapeleka wapi?"

"Mama, tulia," akasema Bwana Kimani, akipangusa shingo. "Hawa watu ukiwaletea shida tupu wanachoka. Lazima u-package, uyapambe kidogo. Mimi nimekaa hapa, najua vile wanataka kuskia."

"Wao wanataka kusikia. Na mtoto wangu anataka kupumua. Sasa wewe ulikuja kutafsiri nani?"

Mama akaniambia nisimame niseme mimi, nikasimama nikasema, kwa Kiingereza changu cha darasa la tano, yote kama alivyoyasema, pamoja na baba kulala bafuni. Bi Keli alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Akanisifu kwa ujasiri wangu. Kisha akachukua kikaratasi cha manjano, akaandika neno moja, akakibandika pembeni ya ubao, kwenye sehemu waliyoiita Maegesho, yaani mahali pa kuegesha mawazo ambayo hayakupata nafasi siku ile. Nimehudhuria vikao vingi tangu wakati huo, vya hospitali na vya mitaa, na Maegesho nimeyakuta karibu kila mahali. Sijawahi kuona gari likitoka humo.

Kiwanja cha mbwa kilijengwa upesi ajabu. Wanaume wenye kofia ngumu walikuja wakaweka uzio wa waya mweusi, nyasi za bandia, bomba jekundu la plastiki lililofanana na la zimamoto ili mbwa walikojolee, na kisanduku cha mifuko ya kuzolea kinyesi. Hakuna kipuri hata kimoja kilichochelewa. Katika jengo letu zima hapakuwa na mbwa. Mbwa wachache walikuwa jengo la mbele, lenye mtambo mzima. Siku ya kufungua, Bi Tamara alishika mkasi, Bi Keli alishika utepe, na Bwana Kimani akahutubia juu ya jamii yetu ya Waafrika na jinsi sauti zake zinavyosikika katika nchi hii. Wanaume wetu walipiga makofi. Mume wa Mama Faida alipiga makofi mengi kuliko wote, jasho likimtiririka mpaka kwenye mkanda.

Wiki hiyo hiyo Bibi Wabiwa akaanguka. Mama Faida alimkuta jikoni mchana, shavu lake limelalia vigae, ngozi yake kavu na ya moto, na anaita watu ambao hawakuwapo, majina ya huko Fizi. Alipiga ukelele uliotutoa wote nje. Gari la wagonjwa lilipofika, wahudumu waliingia ndani wakatoka na nyuso zimewaiva, na mmoja alisema kitu kwa mwenzake kuhusu tanuri. Mimi na mama tuliwafuata hospitalini kwa gari la jirani ili nitafsiri, lakini sikuhitajika. Muuguzi wa zamu alikuwa Mkenya, dada mrefu mwenye macho ya kuchoka, na mara alipomsikia Mama Faida akilia kwa Kiswahili aliweka mkono wake mgongoni mwake, akamwambia, "Pole, mama. Tuko naye." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kiangazi kile mtu mwenye kitambulisho shingoni kutuuliza swali la maana.

"Nyumbani kuna joto kiasi gani?"

Mama Faida akamweleza. Yule dada alikaza midomo.

"Sasa nisikilizeni vizuri," akasema. "Huyu bibi moyo wake ni mdhaifu. Akitoka hapa, mchana akae mahali penye baridi. Si feni. Baridi. Mkimrudisha kwenye hilo joto mtamzika. Kuna mahali kama hapo?"

Mama Faida akaanza kusema hakuna. Mama yangu akamshika mkono.

"Papo," akasema mama.

Bibi Wabiwa aliporuhusiwa kutoka, hakupelekwa nyumbani. Gari lilisimama getini, na mama yangu na Mama Faida wakamshusha, mmoja kila upande, wakampeleka polepole mpaka ofisini kwa Bi Tamara, wakamketisha kwenye kochi la ngozi nyeupe lililowekwa kwa ajili ya wateja. Wakamfunika miguu kwa kitenge. Kisha na wao wakaketi. Bi Tamara alifungua tabasamu akauliza angeweza kuwasaidiaje. Nikamtafsiria mama: hospitali imeagiza mgonjwa akae mahali penye baridi, na baridi ya hapa ni moja tu, tutakaa mpaka mtakapofunga, na kesho mkifungua tutarudi. Tabasamu likafungwa.

Na kweli tulirudi. Siku ya pili wamama wa jengo zima walikuwa wameshasikia. Walikuja na watoto, mikeka na kazi zao. Mmoja alisuka nywele za mabinti zake chini ya picha ya ziwa lisilokuwapo. Wengine walichambua maharage. Mama Faida alichuma majani ya sombe, akakaa kando ya meza ya kioo iliyokuwa na majarida, akayakatakata ndani ya beseni, na harufu mbichi ya majani ya muhogo ikajaa chumba kilichozoea manukato ya mishumaa. Heri alilala sakafuni, na kufikia mwisho wa wiki upele wake ulikuwa umeanza kufifia. Bibi Wabiwa aliketi kwenye kochi lake jeupe ameinua kidevu, akiwatazama wanaoingia na kutoka kana kwamba wote ni wajukuu waliochelewa kumsalimu. Hatukupiga kelele, wala hatukuimba au kubeba bango. Tulikuwa wapangaji ndani ya ofisi ya wapangaji, saa za kazi.

Bi Tamara aliita polisi. Alikuja askari mmoja mnene, akasimama chini ya tundu la hewa, akavua kofia. Alimtazama Bibi Wabiwa, akatazama beseni la sombe, akaniuliza kuna nini. Nikamweleza. Akamgeukia Bi Tamara, akamuuliza mtambo umeharibika tangu lini. Bi Tamara akasema kipuri kimeagizwa. Askari akavaa kofia yake na kusema haoni kosa, ila yeye angekuwa meneja angelifuatilia hilo suala la kipuri. Akaondoka zake. Sijui jina lake, na yeye hakufanya lolote kubwa. Lakini katika kiangazi kilichojaa watu wa kusikiliza sauti zetu, ndiye wa kwanza wa serikali aliyezisikia.

Siku iliyofuata alikuja Bwana Kimani, suti ile ile. Alimwita mama pembeni, lakini mama hakunyanyuka, ikabidi aseme mbele ya wote.

"Mama Sifa, hii mnafanya si poa. Mnatuaibisha. Watu wanaona Waafrika wamejaa kwa ofisi wanakata mboga."

"Wewe aibu yako iko kwa nani?" mama akauliza, vidole vyake vikiendelea kuchambua maharage.

"Kwa sisi wote. Sisi ndio tumejenga jina hapa."

"Basi jina lenu likae nyumbani kwenu, ndani ya klima. Huku kwetu tuko na joto."

Wamama waliangua kicheko. Hata Bibi Wabiwa alicheka, kicheko cha pumzi tupu, mabega yakitikisika. Bwana Kimani alibaki amesimama kidogo katikati ya mikeka, akitafuta njia ya kutoka isiyokanyaga maharage ya mtu. Sikumwona tena, na sikuhuzunika.

Kilichowashinda mwishowe si aibu wala huruma. Kilikuwa biashara. Kila siku walikuja watu kutazama nyumba za kupanga, vijana wenye pete mpya, familia za Kimeksiko, na Bi Tamara aliwapokea mlangoni akijaribu kuwapitisha haraka. Lakini wamama waliwasalimu kwa ukarimu na kuwasogezea viti. Mama alinifundisha swali la kuwapa, nikawapa kwa Kiingereza kizuri na tabasamu la heshima: waulize kwanza kama mtambo unafanya kazi. Wakauliza. Bi Tamara akasema kipuri kimeagizwa. Wakamtazama Bibi Wabiwa, wakatutazama sisi, wakaaga. Baada ya siku chache za namna hiyo, lori kubwa liliingia getini limebeba mtambo mzima, si kipuri, likiwa na kreni yake. Mafundi walimaliza kabla ya jua kuzama. Hewa baridi ya kwanza ilipopita kwenye matundu ya nyumba yetu ilirusha vumbi jeusi usoni mwa baba, aliyekuwa amesimama chini yake amefumba macho, na hakujipangusa. Kule chini, wa kwanza kutandika godoro lake chini ya tundu alikuwa mume wa Mama Faida. Alikoroma mpaka tukamsikia sisi ghorofani.

Bi Keli alirudi na mpiga picha. Alitaka picha ya wanawake shupavu mbele ya kiwanja cha mbwa, kwa sababu, alisema, hivi ndivyo mabadiliko yanavyoanza, kwa watu kualikwa kuota. Mama Faida alimwomba mpiga picha asubiri, akaingia ndani, akafunga mlango, akawasha redio. Bi Keli akapiga picha na watoto waliokuwepo.

Tulilipa, bila shaka. Mkataba wetu ulipoisha hatukupewa mwingine, na hatukuelezwa sababu. Vivyo hivyo kwa Mama Faida na wengine kadhaa waliokaa mbele kwenye mikeka. Baba hakumlaumu mama hata siku moja. Alifunga magodoro juu ya gari la binamu yake, tukaenda Houston, ambako shemeji yake alikuwa amepata kazi ya kulea wazee. Mama Faida alihamia mtaa mwingine Garland, na Bibi Wabiwa aliishi miaka mingine kadhaa, akafa kitandani kwake, mwezi wa baridi.

Sasa mimi ni muuguzi. Mume wangu ana kazi ya uhandisi, na tunaishi Katy, magharibi ya Houston, katika nyumba mpya yenye miti michanga iliyofungwa kamba isianguke. Nami nimepata nilichokuwa nikikiona kwenye vile vikaratasi vya rangi: jamii inayoulizwa maoni. Kila baada ya muda tunaitwa kwenye ukumbi wa mtaa wetu, wenye baridi ya kutuvalisha masweta, kujadili jinsi ya kuboresha maisha. Nimeketi humo nikasikiliza watu wazima wenye shahada wakibishana jioni nzima juu ya rangi ya masanduku ya barua. Nimeona mwanamume akikaribia kulia kwa sababu pipa la taka la jirani yake linaonekana barabarani. Wanaongea kwa ufasaha wa kutisha. Hakuna anayehitaji mkalimani, na kila neno linalotamkwa linafika linakokwenda. Nami huwa najiuliza kwa nini linajisumbua kusafiri.

Mwaka jana tuliitwa kwa jambo kubwa. Kwenye uwanja ulio nyuma ya mtaa, kampuni moja ilitaka kujenga nyumba za kupanga za bei nafuu, majengo kadhaa ya ghorofa mbili. Ukumbi ulifurika. Walisimama mmoja mmoja kwenye kipaza sauti, na hakuna aliyesema hataki maskini. Walisema msongamano, walisema mifereji ya maji, walisema hadhi ya mtaa. Kando yangu aliketi Wambui, muuguzi mwenzangu kutoka Kenya, mtu mzuri, tunapeana lifti na mboga. Akaniinamia.

"Dada, unajua venye hizo apartments huwa," akaninong'oneza. "Tumetoka mbali sana kuletewa hiyo stori hapa."

"Nazijua," nikamwambia. "Nimelelewa humo."

Akacheka, akidhani ni utani. Nikasimama, nikaenda kwenye kipaza sauti, nikasema nimekulia kwenye majengo ya aina hiyo na kwamba mahali palipokuwa na wanawake wenye akili zaidi niliowahi kuwaona ni hapo. Walinipigia makofi kwa adabu. Kisha wakapiga kura ya kupinga kwa kuinua mikono, na mikono iliyobaki chini ilikuwa wangu na wa mzee mmoja ambaye nadhani alikuwa amesinzia. Kampuni ikaondoka. Uwanja uko pale pale, unakatwa nyasi kila wiki, na hakuna anayeukanyaga.

Jumapili ile nilikwenda Missouri City, jirani na Houston, kwa mama, nikamsimulia yote tukiwa tunapika. Alisikiliza huku akikoroga, hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza kama wale watu wana maji. Nikasema wanayo. Akauliza kama kuna mgonjwa, kama kuna mtoto asiyelala, kama kuna kitu kilichoharibika ambacho wameomba kitengenezwe wakakataliwa. Nikasema hapana, mama, hawana shida yoyote, wana kila kitu.

Akaacha kukoroga, akanitazama kama mtu ambaye hajaelewa kitu rahisi.

"Sasa," akasema, "walikutana kufanya nini?"